Picha ya Mwanangu Kwenye Simu ya Mgeni

Nilikuwa nnamkosha mwanangu kwenye beseni, hapo ndani karibu na mlango, na mlango nimeuacha wazi kwa joto la Mji Mkongwe. Mtalii mmoja mwanamme akasimama kwenye ngazi zetu, akanyanyua simu, akapiga picha. Hodi hakupiga. Mtoto yuko uchi!

Nikamkumbatia mtoto na povu lake, nikatoka mbio. Kiingereza nimekisoma mpaka kidato cha nne, lakini skuli tulichokisikia zaidi ni cha kuamrishwa: simama, kaa, nyamaza, futa ubao. Basi ndicho kilichonitoka. Acha! Toka! Yule mtu akacheka kwa haya, akatia simu mfukoni, akaanza kwenda zake. Na picha ya mwanangu inakwenda naye.

Mama mkwe wangu akaja kutoka jikoni. Miaka mingi alifundisha watalii kupika pilau kwenye nyumba ya wageni, na Kiingereza chake amekipatia huko.

"Habari za asubuhi, baba," akamwita kwa Kiingereza. "Karibu. Umelala salama?"

Yule akasita, akageuka. Mama akamuuliza katoka nchi gani, mama yake hajambo, watoto anao? Mie nnachemka.

"Mama, anatutoroka huyu!"

"Nyamaza we. Mtu hujamsalimu, utamwombaje?"

Kisha akamgeukia. "Nnakuomba, plizi, nioneshe hiyo picha." Akaonesha. "Ahsante sana. Sasa nnakuomba uifute." Akafuta. Kila ombi alilingoja likamilike ndipo alete jengine, kama alivyokuwa akiwafanyia wale watalii aliowafundisha pilau: hawagusi mchele mpaka vitunguu vimekoza rangi. Sauti haikupanda. Katika walimu wote walionisomesha, sijaona hata mmoja ambaye Kiingereza kilimtii namna ile.

Nikadhani yamekwisha. Mama akanyoosha kidole kwenye kioo cha simu.

"Na kwenye pipa la taka la simu, plizi. Humo namo itoe."

Mwanamme akawa mwekundu mpaka masikio. Akaitoa. Akaniomba radhi mimi, si mama. Nikamgeuzia mgongo, na sijuti.

"Ungemtukana tu," nikamwambia mama mgeni alipopinda kona. "Angejua adabu."

"Ningemtukana angekimbia, na mjukuu wangu yumo ndani ya simu yake. Nani angemfukuza? Wewe, na kanga inakuvuka?"

Nikaitazama kanga yangu, kweli imening'inia. Nikacheka, hasira zikiwa bado hazijaniisha.

Akanipokea mtoto, akamrudisha kwenye beseni, akaongeza maji ya vuguvugu.

"Akipita mwengine," akasema, "utasema wewe. Mie ntakaa nyuma yako nikusikilize."