Dume la Shemhilu na Tairi Zangu Nyembamba

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika ofisi ya mifugo Lushoto nikiwa nimevaa viatu vya ngozi vyenye soli laini, vilevile nilivyovaa siku ya mahafali. Nilikuwa na shahada ya sayansi ya mifugo, tai ya kuazima, na imani kwamba ng'ombe wote wa Usambara walikuwa wakinisubiri mimi. Afisa Mifugo wa Wilaya alikuwa mama mrefu aliyezungumza polepole, kana kwamba kila neno analipima uzito kabla ya kulitoa. Alinitazama kuanzia miguuni, akaishia hukohuko miguuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hivyo viatu umevaa kwa kazi au kwa harusi?"

"Kwa kazi, mama."

"Huku milimani mtu huangaliwa kwanza anakanyagia nini. Shahada yake tutaiona baadaye."

Nilicheka kwa adabu, nikatoka kwenda kuonyeshwa zizi la nyuma. Mvua ilikuwa imenyesha. Hatua chache tu nikawa nimelala chali mbele ya ng'ombe wawili na mhasibu wa ofisi. Kazi yangu ilianza hivyo, na nikitazama nyuma naona kwamba sehemu kubwa ya miaka iliyofuata niliitumia kujibu swali la yule mama.

Kwa vijana mnaoingia kazini leo mkiwa na simu zenye ramani, nieleze kidogo tulichokuwa tukifanya. Nilikuwa mhamilishaji. Uhamilishaji ni kumpa ng'ombe mimba bila dume kuwepo. Mbegu za dume bora huhifadhiwa kwenye mirija myembamba ndani ya mtungi wa naitrojeni, hewa iliyogeuzwa maji kwa baridi kali, inayofuka moshi mweupe ukifungua kifuniko. Ng'ombe akipata joto, yaani siku yake ya kutaka dume, mfugaji anakuita. Akionekana asubuhi, unampandikiza jioni ya siku hiyohiyo. Ukichelewa, umemkosa, na utasubiri kama wiki tatu mpaka joto lirudi. Hakuna barua ya kuomba radhi ambayo ng'ombe ataipokea.

Nilianzia Lushoto mjini, nikapelekwa Kwai ambako ng'ombe wa maziwa ni wengi na nyumba ziko karibu, kwa hiyo nilitembea kwa miguu nikajiona hodari. Kisha nikahamishiwa Lukozi, nihudumie mpaka Shume, na hapo ndipo nilipokabidhiwa gari: kijigari cha milango miwili, kifupi, chepesi, kinachovuta kwa magurudumu yote manne. Niliwaandikia wazazi kuwa nimepewa gari la kazi. Sikuandika kuwa tairi zake zilikuwa kipara.

Kati ya barabara kuu na mashamba ya Shume niliyoyahudumia kulikuwa na mlima ambao wenyeji waliuita Magoti, kwa sababu wakati wa masika kila kitu kiliupanda kwa magoti. Masika ya kwanza sikuupanda hata siku moja bila kusukumwa. Watu wa kwenye bustani za kabeji na karoti walikuwa wakiniona ninakuja, wanaweka majembe chini, wanakunja suruali na kunisubiri palepale nitakapokwama. Walikuwa wakarimu sana, na walinipa jina: Bwana Mifugo wa Kusukumwa. Akina mama walilitumia hata kwenye salamu, bila ubaya wowote.

Aliyelipenda jina hilo kuliko wote alikuwa Mzee Shemhilu. Huyu alikuwa na dume jekundu, kubwa, lenye shingo kama gunia, na kabla sijafika ndilo lililozalisha ng'ombe wote wa upande ule. Lilikuwa dume la wote. Nusu ya ndama wa kijiji walikuwa watoto wake, na nusu nyingine walikuwa wajukuu zake na watoto wake kwa pamoja. Ndama walikuwa wanazidi kuwa wadogo, maziwa yanazidi kupungua. Nilimweleza hayo kwa heshima, nikichora ukoo wa dume kwenye udongo kwa kijiti. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umesema vizuri, mwanangu. Lakini dume langu halina tairi. Likiitwa, linafika."

Na Lilikuwa linafika kweli.

Nilikwenda kwa Mkuu wa Karakana wa wilaya kuomba tairi mpya. Alikuwa mtu wa kifua kipana, na alipenda tairi zenye kifua kama chake. Alikuwa ametumika miaka mingi tambarare, kwenye mbuga za udongo mweusi, na huko alikuwa bingwa. Alinifungia tairi za matope: pana, ndefu, zenye kashata kubwa zilizoachana kama meno ya mtoto. Kashata ni yale mabonge ya mpira yanayoshika njia.

"Kwa hizi," alisema akizipiga teke, "utapanda mpaka ukutani."

Gari lilipendeza mno. Nilipita nalo soko la Lukozi taratibu kuliko ilivyohitajika. Shida zilianza kwenye kona ya kwanza kali: nilipokata usukani hadi mwisho, tairi zikagusa madigadi, zikanguruma, gari likakataa kumalizia kona. Na Usambara, ukitoa kona, hakuna barabara inayobaki. Nikawa nakata kona kwa awamu, mbele na nyuma, huku fuso za viazi zikinipigia honi. Kwa kuwa tairi zilikuwa ndefu, injini ndogo ikazidiwa, gari likawa linahema mlimani. Nilipoteremka Mombo kufuata naitrojeni, lami ikiwa na mvua, zile kashata kubwa ziliteleza kwenye lami kama sabuni juu ya sahani.

Na Magoti? Pale ndipo niliposhangaa zaidi. Nilikwama kuliko zamani. Gari jepesi juu ya tairi pana lilikaa juu ya matope kama bata juu ya maji. Liliogelea kwa madaha, halikushika chochote.

Masika hayohayo ng'ombe wa Mama Zaina alinikosa mara mbili. Mama Zaina alikuwa mjane mwenye mtamba mmoja, ng'ombe jike ambaye hajazaa, mzuri, mwenye mgongo ulionyooka. Alitaka uzao wa maziwa ili awe na cha kupeleka kituo cha maziwa kila siku, na alikuwa wa kwanza upande ule kukataa dume la Shemhilu mbele ya watu. Mara ya kwanza aliponiita nilikwama Magoti. Mara ya pili nilikwama juu kidogo ya pale pa kwanza, nikajaribu kuliita hilo maendeleo.

"Mwanangu," aliniambia kwa simu, "mimi nakuamini. Ila mtamba anazeeka, na majirani wanacheka. Mara ya tatu ukikosa, nampeleka kwa Shemhilu, na hapa hutaitwa tena na mtu."

Nilijua anasema kweli. Wengine wote walikuwa wanamtazama yeye. Afisa Mifugo wa Wilaya naye aliniita Lushoto.

"Wafugaji wa Shume wakirudi kwa dume, gari linakwenda tambarare, na wewe unarudi Kwai kwa miguu. Sikutishi. Nakupa habari tu."

Basi nikafanya kile ambacho chuo kilinifundisha lakini nilikuwa sijawahi kukitumia nje ya mtihani: nikaenda kutazama. Nilipanda Magoti kwa miguu, mvua ikiwa imetoka kukatika, nikiwa na kijiti. Nilikidunga kwenye matope kila baada ya hatua kadhaa, watu wa bustani wakijiuliza kama nimeanza kuwatafutia minyoo. Kila nilipodunga, kijiti kilizama kiasi cha kiganja, kisha kikagonga pagumu. Chini ya ute wote ule mwekundu kulikuwa na changarawe iliyoshindiliwa. Mbuga za Mkuu wa Karakana hazina chini. Ukizama unaendelea kuzama, na tairi pana ndiyo inayokuokoa. Magoti ulikuwa na chini. Nilichohitaji ni tairi ya kuyakata matope mpaka ikanyage pagumu.

Nilirudi karakana nikaomba tairi za njia zote: nyembamba, za kimo kilekile cha kiwandani, zenye kashata za wastani zinazoweza kushika lami yenye mvua na mawe ya Shume pia, na ubavu mgumu.

Mkuu wa Karakana alicheka mpaka akashika meza. "Hizi? Hizi ni za baiskeli, Bwana Mifugo. Na matope je?"

"Matope ni robo ya safari yangu, mkuu. Robo tatu ni lami na mawe. Na matope yenyewe yana sakafu."

"Ukikwama usinipigie simu."

"Nikikwama sitakuwa na kazi ya kupigia simu."

Hilo lilimgusa. Alinifungia, akiguna kila nati.

Siku ikaja. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na asubuhi simu ikalia. "Bwana Mifugo," Mama Zaina alisema kwa sauti ya chini, "mtamba amepata joto. Na Shemhilu ameshapata habari. Amesema saa kumi analileta dume, wewe uje au usije."

Mchana nikapakia mtungi, nikaondoka. Kona zote nilizikata mara moja, bila awamu. Chini ya Magoti walikuwepo watu wa bustani, suruali zimekunjwa. Nilisimama, nikashuka, nikaanza kupunguza upepo kwenye tairi zote nne.

"Jamani, anajitoboa mwenyewe!" mmoja akapiga kelele.

"Mwacheni, amekata tamaa."

"Tairi ikiwa na upepo kidogo inalala," nikawaambia, "inashika kwa urefu kama kiwavi."

"Haya, kiwavi, sisi tuko nyuma yako."

Nikaingiza gia ndogo, magurudumu yote manne yakivuta, nikaanza kupanda bila haraka. Siri ya matope ni kutokanyaga mafuta kwa hasira; tairi ikizunguka ovyo inajichimbia kaburi. Pale nilipokwama mara ya kwanza, gari lilitetemeka kidogo, likazama kiganja kimoja, na nikahisi kupitia usukani limekanyaga pagumu. Likapanda. Nikapita pa mara ya pili. Jiwe lenye ncha likaparua tairi ya mbele kushoto na kung'oa kashata moja ya pembeni; nilisikia mlio wake, sikusimama. Kwenye kioo niliona wasukumaji wakinifuata kwa mbio, mikono mitupu, wakishangilia kama watu waliokuja kwenye mazishi wakakuta maiti anakunywa chai.

Tulipotokea juu, tukamkuta Mzee Shemhilu. Alikuwa kwenye ukingo ulio juu ya uwanja wa Mama Zaina, ameshika kamba, na upande wa pili wa kamba lilikuwepo dume. Lilikuwa limekita miguu yote minne mwanzoni mwa mteremko, limetazama ule utelezi, na limeamua haliendi. Mzee alivuta, akateleza, akakaa. Akasimama, akavuta, akakaa tena.

"Onga mshi, mzee," nikamsalimu Kishambaa, nikaongeza na shikamoo.

"Marahaba," alijibu kutoka chini, kwa heshima yote iliyowezekana kwa mtu aliyekaa kwenye matope.

Nilitaka kucheka. Adabu ilinizuia. Lakini nyuma yangu msukumaji mmoja hakuzuiwa na chochote:

"Mzee, dume lako limekwisha kashata!"

Hata Mzee Shemhilu mwenyewe alicheka. Mama Zaina alikuwa amekwisha kumfunga mtamba kwenye kibanio, ile nafasi nyembamba ya miti inayomzuia ng'ombe asigeuke. Nikavaa glovu mpaka begani, nikafungua mtungi, moshi mweupe ukamwagika, watu wakarudi hatua moja. Nilimpandikiza wakati ukiwa sahihi kabisa. Dume lilikuwa linatutazama kutoka juu.

Wiki tatu zikapita, joto halikurudi. Muda wake ulipotimia akazaliwa jike, mwenye miguu mirefu na sauti ya kudai haki. Kufikia hapo simu yangu ilikuwa haipumziki. Afisa Mifugo wa Wilaya alikuja mwenyewe kumwona ndama, akazunguka gari, akainama kutazama tairi, kisha viatu vyangu, ambavyo siku hizo vilikuwa mabuti.

"Sasa tunaweza kuizungumzia shahada yako," akasema.

Na Mkuu wa Karakana aliagiza tairi nyembamba kwa magari yote ya milimani. Hakuwahi kusema kwa nini. Alisema tu, "Nimeamua."

Nimestaafu kwa hiari, nikiwa na magoti mabovu na mkono wa kulia uliojua zaidi ya ubongo wangu. Vijana huniuliza wanunue tairi gani, za matope au za njia zote. Huwajibu kwa swali: umeshadunga kijiti? Hununui tairi ya gari, unanunua tairi ya njia, na njia haisomi matangazo. Wengi huondoka wakidhani mzee amekwepa.

Zile tairi zangu nyembamba za kwanza zilipochoka hatukuzitupa. Nilimpa fundi viatu wa sokoni Lukozi, akazikata akatengeneza katambuga, na zikauzwa siku moja. Sikujua zilikwenda kwa nani.

Masika yaliyopita nilikwenda Shume kumsalimia Mama Zaina, ambaye sasa ana ng'ombe wengi kuliko viti, na kibanio chake hutumiwa na mhamilishaji kwa ng'ombe wa upande wote ule. Nilipanda Magoti kwa miguu, polepole. Juu, kwenye njia inayotoka kwa Mzee Shemhilu, nikaona nyayo mbichi za mtu aliyepita asubuhi ile, na kando yake kwato za ng'ombe, ndogo mno kuwa za dume. Nyayo zilikuwa na kashata. Niliinama, goti likalalamika. Wayo wa kushoto ulikuwa na pengo pembeni, pale jiwe la Magoti lilipong'oa kashata moja.

Nikazifuata. Zilishuka ule utelezi bila kuyumba hata mara moja, zikaenda moja kwa moja mpaka kwenye kibanio cha Mama Zaina.