Siku Kaseke Ilipoitika

Kwa miaka mingi niliamini kwamba kijiji kisicho na watu kiliitikia hotuba. Niliamini kuliko nilivyoamini katekisimu, na nusu ya watu wa ziwa hili, Kigoma ikiwemo, niliwasimulia mimi mwenyewe.

Siku yenyewe ilianza kama nyingine. Nilikuwa nikianika ndagala, dagaa wa ziwa letu, ufukweni na Papa Mulongo, jirani yangu katika kambi ya waliokimbia vita. Sote wawili tulikimbia kutoka kijiji chetu cha Kaseke, mwendo wa saa nne kwa miguu, mishale ilipoanza kuingia mashambani. Katika kukimbia huko alipotezana na mke wake, Mama Feza. Kila lori lililoingia mjini alilichungulia.

Mchana Mheshimiwa, mkubwa wa serikali, alihutubia uwanjani kutupatanisha. Tulijaa kama ndagala wenyewe: sisi upande wa ziwa, wao, kabila lililopigana na letu, upande wa kilima, na katikati nafasi tupu ambayo hata mbuzi aliogopa kuivuka. Alijua kusema, muntu yule. Hakutukana, hakuahidi barabara. Aliita mitaa na vijiji kimoja kimoja, kama mwalimu na majina ya darasa, na kwetu anayeitwa huitika hata akiwa na hasira: "Tupo!" Kwanza wetu, kisha wao, kisha wetu. Kufika jina la kumi, sauti zilishachanganyika, sikujua tena nani ni nani.

Kisha akaita Kaseke.

Tulikuwa wachache. Tulifunga midomo, maana waliotuchomea nyumba walisimama hatua thelathini tu kutoka kwetu. Mheshimiwa alingoja.

Ndipo nyuma ya kilima ikasikika sauti ya mwanamke, nyembamba.

"Tupo."

Nywele zilinisimama, hata zile nilizokwisha kunyoa. Ile nafasi tupu ikajaa watu. Nilimwona mama wa upande wao akimfuta machozi mama wa kwetu kwa kitenge chake. Mji ulipumua saa ile, hilo sitalikana.

Papa Mulongo alinishika mkono. "Njo Feza, ni yeye. Na wewe umesikia?"

Ningeweza kusema sijui.

"Nimesikia, Papa. Njo yeye."

Kesho yake alfajiri tuliondoka kwenda Kaseke. Alibeba kipande cha sabuni na kitenge kipya. Nilimchekesha njia nzima.

Huko, milango yote iliyonusurika moto ilikuwa wazi. Sufuria zilikuwa bado juu ya mafiga. Hakuna ndege aliyelia.

Aliita jina la mkewe.

Kimya.

Akaita tena, akaingia kwenye mihogo.

Nilisikia mshale. Yeye sikumsikia.

Nilikimbia.

Watu wengi wako hai kwa ajili ya hotuba ile. Papa Mulongo hayupo, na Mama Feza hakuonekana tena. Kila nikianza kusema la kwanza, la pili hunikatiza.

Mwaka niliomaliza masomo ya jioni niliisimulia habari hii darasani, kwa madoido yote. Niliyekaa naye dawati moja alikuwa fundi wa vipaza sauti. Hakucheka.

"Ilikuwa spika yetu, kaka," akasema. "Tuliitundika nyuma ya kilima, na karani mwanamke wa biro, ofisi ya Mheshimiwa, njo alisema kwenye mikro. Mheshimiwa aliogopa kwamba Kaseke mutanyamaza."