Pedali Haichaguliwi Asubuhi

Nilifunga safari kwa sababu Mama Chepkoech alininyang'anya ufunguo.

Mama Chepkoech ni karani mstaafu wa kupima majani chai, na siku hizi ndiye mwenyekiti wa kamati ya ukumbi wa kambi ya wafanyakazi, nje kidogo ya mji wa Kericho. Ukumbi huo ndio makao ya bendi yetu. Tuko watatu. Kiprono anapiga ngoma, na siku za kazi ni dereva wa pikapu ya duka letu la mabati na misumari. Odhiambo anapiga besi na kulinda boila ya kiwanda cha chai. Mimi, Wanjiru, nauza hayo mabati na kupiga gitaa. Muziki wetu ni metali, ule mzito ambao gitaa hunguruma badala ya kuimba. Ndiyo, huku huku Kericho. Mkimaliza kucheka tutaendelea.

Jumamosi moja mchana tulipiga mbele ya ukumbi uliojaa. Saa tisa mvua ikashuka kama kawaida yake. Ukumbi hauna silingi, ni mabati matupu juu ya vichwa, na kufikia wimbo wa tatu nusu ya watu walikuwa wameona afadhali kulowa. Walijifunika magunia wakatoka mbio. Tulipomaliza, Mama Chepkoech alinifuata jukwaani. Hakunigombeza, na hilo liliniumiza zaidi.

"Shiru, nimeona mkono yako ikienda mbio," alisema. "Lakini gitaa sijasikia. Nimesikia Kiprono na mvua."

Akanyoosha kiganja, nikamrudishia ufunguo wa ukumbi. Kamati ilitupa Jumamosi moja tu ya kujitetea, wiki mbili mbele. Watu wakitoka tena kabla ya mwisho, saa zetu watapewa kina mama wa aerobiki. Sina ubaya na aerobiki. Lakini kwetu mama yangu alishatufukuza, kwa Odhiambo majirani walishaandika barua, na bendi isiyo na mahali pa kupigia ni watu watatu wanaojuana tu.

Lawama zote niliitupia pedali yangu. Kwa msiojua, pedali ni kisanduku cha chuma kinachokaa sakafuni kati ya gitaa na spika. Ukikikanyaga, sauti safi ya gitaa inakwaruzika, inanenepa, inapata meno. Bila pedali hakuna metali. Yangu ilikuwa dhaifu, hivyo ndivyo nilivyoamini, na dawa ya dhaifu ni yenye nguvu. Nikaanza kuulizia kwa kila mteja aliyeingia dukani. Hata wa misumari ya robo kilo nilimuuliza.

Alhamisi ya wiki ya pili, saa kumi na mbili asubuhi, mimi na Kiprono tuliondoka Kericho na pikapu iliyosheheni mabati. Yalikuwa ya Bett, mteja wetu wa Siongiroi, ambaye alinipigia simu kwamba ana kisanduku cha kukanyaga na hataki tena kukiona. Nyuma tulifunga gitaa na spika yangu ndogo ya betri. Tulitoka mapema kwa sababu sisi watu wa Kericho mambo yetu yote ni ya asubuhi. Tunaanika nguo asubuhi, tunapiga plasta asubuhi, tunakwenda benki asubuhi. Mchana una mwenyewe, naye ni mvua.

Litein ilitupita ikiwa na ukungu, Kapkatet tukaipita na jua. Hadi hapo ni chai kulia, chai kushoto, na wachumaji wenye vikapu mgongoni wakishuka mistarini. Baada ya Bomet tuliteremka kuelekea Chepalungu na kijani kikaanza kupungua. Mahindi yalichukua nafasi ya chai, kisha ng'ombe wakachukua nafasi ya mahindi, na vumbi likatuingia hadi kwenye meno. Nilivua sweta mbili. Ya tatu niliiacha, kwa adabu.

Siongiroi tulifika saa nne kasoro, soko limechangamka. Bett ni dalali wa mifugo, mtu wa kimo kifupi na sauti ndefu. "Chamgei," alitusalimu, tukaitikia, na kabla hata ya kushusha mabati alitukalisha na kutumiminia mursik, yale maziwa ya kibuyu yenye mkaa. Ndipo akatueleza habari ya kisanduku. Alikipata kwa mtu aliyekuwa akihama, akasikia kwamba kinaongeza nguvu ya sauti, akakiunga kwenye kipaza sauti chake cha kuitia bei. Siku ya soko alikikanyaga na kusema neno moja tu, dume. Ng'ombe walikata kamba. Wengine walikamatwa kesho yake upande wa pili wa mto.

"Mpaka leo wakiniona na maikrofoni wananiangalia vibaya," Bett alisema kwa huzuni ya kweli.

Nilijua papo hapo kwamba nimefika. Kilikuwa cheusi, kizito, kimechorwa fuvu. Tuliunga gitaa uani kwake, mbali na mifugo. Anga ilikuwa nyeupe na kavu, hakuna hata jani lililotikisika. Nilikanyaga na kupiga uzi wa chini. Jamani. Sauti ilitoka pana kama lori linaloteremka na gia ya kwanza, chini mngurumo, juu makali ya kiwembe. Nywele zilinisimama. Kiprono alitingisha kichwa mara tatu, na yeye hutingisha mara moja tu hata kanisani. Bett alikataa hela, akataka mabati sita ya zizi, nikampa na misumari juu yake. Niliimba njia nzima ya kurudi. Hata mvua iliyotupokea Litein sikuisikia.

Jioni hiyo nyumbani, nilipokanyaga mara ya ishirini na kitu, swichi ilizama ikakataa kupanda. Pedali ikafa mdomo wazi. Zilikuwa zimebaki siku mbili. Nilimpigia Kiprono nikiwa karibu kulia, naye akaniambia kuna fundi wa redio Fort Ternan, anaitwa Okumu, aliyewahi kupiga gitaa la solo kwenye bendi za benga. Hakuna chombo cha sauti kinachomshinda.

Ijumaa asubuhi tulipeleka mabati mengine Kipkelion, kwao Kiprono. Mama yake alitupa chai na viazi, akanitazama vidole vyenye sugu, akaniuliza ninachuma chai kwa nani. Nilipomwambia ni gitaa, alisema pole. Kutoka hapo tuliifuata barabara inayoteremka karibu na reli, hewa ikipata joto kila kona, miwa ikianza kuonekana mbali bondeni.

Fort Ternan ni kituo kidogo, huhitaji kuuliza njia mara mbili. Saa tano tulikuwa kwa Okumu, kibanda cha mabati kilichojaa matumbo ya redio. Mwenyewe ni mtu wa miaka hamsini na kitu, miwani imefungwa kwa waya, maneno anayatoa kwa kupima. Swichi aliitengeneza kwa dakika kumi. Nikampigia kidogo, nikijigamba, nikingoja asifu. Alitafuna muwa.

"Unapigia wapi?" aliniuliza. Nikamweleza ukumbi, mabati, saa tisa, Mama Chepkoech, ufunguo. Akavuta kutoka chini ya meza kisanduku kingine, cha kijani, rangi imebanduka, alichokiunda mwenyewe ndani ya kava la mita kuukuu ya stima. Akasema nijaribu hicho. Nilijaribu. Kilitoa sauti ya mbuzi aliyebanwa na mlango. Kiprono alitoka nje kwenda kuchekea kwenye pikapu.

Nilimshukuru Okumu, nikaanza kukunja nyaya ili tuwahi barabara kabla ya mvua. Akaweka mkono wake juu ya spika.

"Ngoja mvua," alisema.

Nilimwambia safari ni ndefu. Akasema anajua. Akachemsha chai, akatengeneza redio ya mtu, akala tena muwa. Saa sita ikapita, saa saba, saa nane. Ninakiri kwamba moyoni nilimtukana. Mtu wa Kericho kukaa tu kungojea mvua ni sawa na kungojea kuumwa na jino. Saa nane na nusu giza likashuka juu ya kilima, matone ya kwanza yakagonga paa, kisha yote kwa pamoja. Okumu alimsukumia Kiprono debe tupu na vijiti viwili, akaniwekea pedali yangu ya fuvu miguuni.

"Haya, piga sasa."

Nilipiga kwa nguvu zangu zote. Niliona vidole vyangu vikienda. Niliona Kiprono akilipiga debe. Gitaa sikulisikia. Ule mngurumo wa chini ulimezwa na debe, yale makali ya juu yalimezwa na mvua, na palipobaki hapakuwa na kitu. Nilikuwa nimesimama pale pale aliposimama Mama Chepkoech.

Okumu aliinama, akaunga cha kijani. Nikapiga tena, kwa unyonge. Na yule mbuzi akatoka. Alipita katikati ya debe na mvua bila kumgusa yeyote, kila noti na jina lake, mkali, ana hasira, na mbele ya kelele zile hakuwa mbuzi tena. Alikuwa ni mimi.

Okumu aliongea karibu na sikio langu, akiniita mtoto wake kwa Kijaluo. "Mvua imekaa juu, nyathina. Ngoma imekaa chini. Hapo katikati hakuna mtu. Wewe ukae hapo." Kisha akakigonga cha fuvu kwa kucha. "Hii walitoa tumbo, ile sauti ya katikati, ndio ipendeze dukani."

Nilisimama nikizitazama pedali zote mbili. Zote nilizowahi kumiliki nilizichagua asubuhi, nikipiga peke yangu, pakavu, kisha nikazipeleka kazini mchana wa mvua. Okumu alitaka tubadilishane, fuvu kwa kijani, na vipuri vya lile fuvu vingemfaa. Niliipenda ile nyeusi, sitadanganya. Nilimkabidhi nikiwa nimegeuza uso.

Usiku ule Kericho, mvua imekatika, nilijaribu ya kijani chumbani. Mbuzi alikuwa amerudi. Mama yangu aligonga ukuta akauliza kama kuna mtu anaumia. Nililala nikijuta, na nusura nimwamshe Kiprono turudi Fort Ternan.

Jumamosi, saa nane, ukumbi ulijaa tena, wengi wakiwa wamekuja kuona tutakavyofukuzwa. Kina mama wa aerobiki walikuwa mstari wa mbele, tayari wamevaa raba. Mama Chepkoech alisimama mlangoni, ufunguo umening'inia kidoleni. Tulianza pakavu, sauti yangu ikiwa ya aibu, na niliona watu wakitazamana. Kisha, wimbo wa pili, ilishuka mvua ya mawe.

Aliyewahi kukaa chini ya mabati wakati wa mvua ya mawe anajua. Nilikanyaga pedali nikafumba macho. Nilijisikia. Odhiambo alinigeukia na mdomo wazi, maana kwa mara ya kwanza tangu tuunde bendi alikuwa ananisikia pia. Tulipiga nyimbo tatu ndani ya kelele ile na hakuna aliyetoka.

Lakini ni nani angetoka kwenye mawe yale? Hilo nililijua, na Mama Chepkoech, ambaye amepima vikapu vya watu maisha yake yote, alilijua kunishinda. Mvua ilipokatika ghafla, katikati ya wimbo wa tano, alifungua mlango wote wazi. Jua likaingia hadi jukwaani. Nje njia ilikuwa nyeupe, nzuri, tulivu. Alisimama kando ya mlango akawatazama watu, nami nikamtazama yeye huku nikiendelea kupiga.

Watu walisimama. Mstari wa mbele wote ulisimama. Nikajua imekwisha. Kisha wale kina mama wa raba wakanyanyua viti vyao, wakavisogeza mbele hatua mbili, wakaketi tena. Wa nyuma yao wakafanya vivyo hivyo.

Tangu siku hiyo, mtu akija dukani asubuhi kutaka mabati, namwambia arudi mchana aje ayasikie. Mama yangu anasema nitafukuza wateja. Mimi najua nilichokwenda kujifunza Fort Ternan: kitu cha kufanya kazi mvuani kisikilizwe mvuani, hata kama utamngoja fundi amalize muwa wake wote.

Ule wimbo wa tano tuliumaliza. Kabla sijapiga noti ya mwisho, Mama Chepkoech alikuja mbele polepole, akauweka ufunguo juu ya spika yangu, akarudi mlangoni. Nilikanyaga ile pedali ya kijani, nikaivuta noti hiyo ndefu kadiri nilivyoweza, na ufunguo ukaanza kurukaruka.