Siku Niliyopima Tochi Ndani ya Josho

Afadhali niwasimulie mwenyewe, maana huko Sachangwan bado kuna watu wanaoisimulia kwa kutia chumvi, wanasema eti nilikunywa dawa ya kupe debe zima, eti nililia nikimwita mama, na hayo yote ni uongo (mama sikumwita, nilimwita Mungu, na dawa niliyomeza haikuzidi kijiko). Lakini aibu yenyewe ni ya kweli. Nywele zimeanza kuniacha sasa, na bado nikipita karibu na josho la ng'ombe nikanusa ile harufu, masikio yananiwaka moto.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa nauza katika duka la vifaa pale Nakuru, duka la Bwana Jivan, Mhindi mwembamba aliyevaa sweta hata jua likiwaka. Siku moja akaletewa kutoka Mombasa kreti aliyoinunua bila kuiona kwa sababu bei ilikuwa ya kutupa, na tulipoifungua tukakuta tochi, na juu ya kila boksi picha ya mtu yuko chini ya bahari, amevaa miwani mikubwa na miguu yake kama ya bata. Tochi za kuzamia! Sasa niambieni, Nakuru ni nani anazamia? Ziwa letu lenyewe flamingo anasimama ndani yake siku nzima na tumbo halilowi.

Zilikuwa za aina mbili, zote za bei rahisi. Moja ilikuwa ya mpira wa manjano, nene, fupi, ina kioo kipana na kipete cha kutia kamba, na ukitaka kuiwasha unaizungusha shingo. Nyingine ilikuwa ya bati linalong'aa, ndefu, ina mifereji mifereji ili isiteleze mkononi, inakula mawe matatu ya betri, na kwenye shingo ina mpira mwembamba mwekundu wa kuzuia maji (huo mpira mwekundu mkumbuke). Kwa sura, ile ya bati ilikuwa bwana harusi na ya manjano ilikuwa mpishi wake.

Bwana Jivan akakuna kichwa, akaniambia, "Sikiza. Watu ya huko juu, Molo, Olenguruone, mvua kila siku, tochi yao naingia maji, nakufa. Chukua moja-moja, enda onyesha wao."

Nilikubali kabla hajamaliza kusema, na si kwa sababu nilipenda kazi. Huko juu kulikuwa na Njoki. Njoki alikuja dukani mara ya kwanza kununua utambi wa kandili, akarudi wiki iliyofuata kununua utambi, akarudi tena, utambi, mpaka nikaanza kujiuliza kwao kuna kandili ngapi, na siku nilipomuuliza akacheka, na hapo mimi nikawa nimekwisha. Baba yake, Mzee Gathogo, alikuwa mwenyekiti wa josho katika shamba walilonunua kwa ushirika kutoka kwa mzungu mmoja, na Njoki alinieleza wazi kwamba kabla sijatuma wazee kwao, ni lazima baba yake anione kwanza, na kwamba kijana aliyenitangulia alionwa mara moja tu na hakurudi.

"Kuja Alhamisi kwa dip," akaniambia, yaani joshoni. "Msalimie baba, halafu unyamaze. Baba hapendi mtu wa mdomo."

Nami kazi yangu ilikuwa mdomo.

Basi Alhamisi nikavaa koti langu la kijivu, la pekee, lililoshonwa kwa ajili ya harusi ya kaka yangu, nikatia tochi mbili na maboksi yake ndani ya kikapu, nikapanda basi mpaka Sachangwan, na kutoka barabarani nikatembea kwa miguu nikiruka matope ili viatu vibaki na sura. Kwa wale ambao hawajaona josho, ni handaki la saruji, refu na jembamba, limejazwa maji yenye dawa ya kupe, na juu yake kuna paa la mabati. Ng'ombe wanapangwa kwenye kichochoro cha mbao mmoja nyuma ya mwingine, wa mbele anaruka ndani, anazama mpaka pembe, anaogelea, anapanda ngazi upande wa pili, na akitoka tu anapakwa mstari wa rangi mgongoni ili ijulikane kwamba huyu amepita. Asiye na mstari haendi nyumbani. Kazi hiyo ya rangi ilikuwa ya Kiprono, mzee mtaratibu, amekaa juu ya ndoo na mkebe wake wa rangi ya buluu, na kwa miaka aliyoifanya hakuwa tena akimtazama nani anatoka, alikuwa anatazama migongo tu.

Nilimsalimia Mzee Gathogo kwa mikono miwili. Alikuwa mtu mfupi, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, ana fimbo. Akanitazama viatu, akapanda polepole mpaka koti, akasema "Hmm," akaendelea kuangalia ng'ombe wake. Mimi nikanyamaza. Nilinyamaza vizuri sana, karibu dakika kumi nzima, na Njoki, aliyekuwa ng'ambo ya kichochoro akiwazuia ndama, alinitazama kwa furaha hata nikaona mambo yamekwisha, kilichobaki ni tarehe.

Kisha mzee akaona kikapu.

"Kijana, umebeba nini?"

"Tochi, mzee. Haziingii maji."

"Toa nizione."

Nikazitoa, na mdomo nao ukatoka. Nikamweleza mpira, nikamweleza mifereji, nikamweleza kioo, nikawaonyesha wote yule mtu wa miguu ya bata, na wazee wa kamati wakakusanyika, ng'ombe wakasimama kwenye kichochoro bila mtu wa kuwahimiza. Mzee Gathogo akazishika, moja kila mkono, akazipima uzito, akauliza swali moja tu.

"Sawa. Ni gani inawaka zaidi?"

Jibu la kweli lilikuwa neno moja: sijui. Na ni kweli sikujua, maana sikuwa nimewahi kuziwasha pamoja hata siku moja. Lakini pale mbele ya baba Njoki, na wazee, na koti la harusi, hilo neno sikuthubutu kulisema. Nikaziwasha zote mbili, na kwa vile ilikuwa saa nne na jua lilikuwa kali, hakuna aliyeona hata dalili ya mwanga. Mtu mwenye akili angesema basi, mzee, bakini nazo, mzijaribu giza likiingia. Mimi nikatazama huku na huku nikitafuta giza, na giza pekee lililokuwa karibu lilikuwa lile la ndani ya josho, maji meusi kama kahawa, chini ya paa. Nikasema, "Mzee, nitakuonyesha sasa hivi, na tena chini ya maji!"

Nilimwona Njoki akitikisa kichwa. Nilimwona vizuri kabisa, na bado nikaendelea.

Nikaomba kamba ya katani, nikafunga tochi moja kila ncha, nikalala kifudifudi kwenye ukingo wa saruji, koti na yote, pale pale ng'ombe wanaporukia, maana ndipo penye kina. Nikaziteremsha. Na kusema haki, zilipendeza! Yale maji yalikuwa machafu kiasi kwamba hatukuweza kuziacha tochi zishuke zaidi ya shibiri moja, lakini ya manjano ilitoa mwanga mpana, mpole, wa rangi ya chai ya maziwa, na ya bati ilitoa mwanga mwembamba mweupe uliokwenda moja kwa moja. Wazee wakainama. Mmoja akasema ya bati ni kali, mwingine akasema kali ya nini kama huoni pembeni, mabishano yakaanza, nami nikajisikia profesa.

Hapo ndipo ule mpira mwekundu ulipochoka. Ya bati ikafanya pu, ikatoa mapovu, mwanga ukaanza kuruka ruka, unawaka, unazimika, unawaka. Na wakati huo huo kichochoroni akawa amefika Posta.

Posta alikuwa ng'ombe wa Mzee Gathogo, mzee wa kike mwenye pembe moja, aitwaye hivyo kwa sababu hachelewi. Kila Alhamisi yeye ndiye aliyeruka wa kwanza, na wengine wote, wa maboma yote, walimfuata. Siku hiyo Posta akafika mwisho, akainamisha kichwa aruke, akaona chini ya maji kuna jicho moja la manjano linamtazama na lingine jeupe linamkonyeza. Akakita miguu. Nyuma yake ng'ombe zaidi ya mia wakaanza kusukumana, mbao zikalia, ndama wakamponyoka Njoki, kina mama waliokuja na ng'ombe wao wakapiga kelele, na Mzee Gathogo akanigeukia, kwa mara ya kwanza kwa sauti kubwa:

"Toa hizo macho zako kwa maji!"

Nikavuta kamba, ikawa imenasa kwenye ufa wa saruji. Nikasimama, nikashuka hatua moja kwenye ile saruji ya kurukia ili niinasue, na pale mahali ng'ombe hukanyaga na kujisaidia kila Alhamisi, kiatu cha mjini hakina kazi. Sikumbuki kuteleza. Nakumbuka mabati ya paa, halafu giza, halafu ladha ya ajabu, na mgurumo mkubwa kando yangu, ambao ulikuwa Posta, ameamua kwamba kama mtu mwenye koti ameruka basi hakuna hatari.

Kuogelea sijui. Nikapapasa, nikashika kitu kama kamba yenye nywele, nikakishikilia kwa moyo wote, na huo ulikuwa mkia. Posta akaogelea kwa utulivu kama siku zote, akanivuta handaki lote mbele ya wazee wa kamati, akapanda ngazi, nami nyuma yake kwa miguu minne, macho nimefumba kwa dawa. Tukatoka. Kiprono akachovya brashi. Akampaka Posta mstari. Akachovya tena, akanipaka na mimi, kutoka shingoni mpaka kiunoni, akasema, "Pita."

Sitawaelezea kicheko. Walinimwagia maji ya mtaro ndoo baada ya ndoo, wakanipa sabuni ya kufulia na blanketi, wakaninywesha maziwa, na mimi nikakaa juu ya jiwe nikitetemeka, koti likichuruzika, nikijua kwamba Njoki nimempoteza kwa mikono yangu mwenyewe. Niliona uchungu wa kweli. Alikuja akasimama karibu yangu, mabega yanamtikisika, na sikuweza kujua kama analia au anacheka.

Baba yake akaja. Yeye hakucheka. Akaegemea fimbo, akauliza, "Sasa kijana, ni gani inawaka zaidi?"

Nikasema, "Mzee, mimi sijui."

"Hmm," akasema. "Hilo jibu ungenipa saa nne, ningekunywa chai yangu kwa amani." Kisha kofia ikaanza kutikisika, na mzee akacheka mpaka akatafuta mahali pa kukaa.

Tochi zilibaki chini ya josho. Bwana Jivan, niliporudi dukani na harufu yangu, aliniangalia tu, akafungua dirisha, na baada ya wiki moja akacheka na yeye. Lakini mambo ya Njoki sikuthubutu kuyagusa kwa miezi mitatu, mpaka yeye mwenyewe akaja dukani, akaomba utambi, akaniuliza kwa hasira wazee wangu wanangoja nini.

Wakaenda. Nilikuwa nimekaa nyuma kabisa, kimya, nikisikiliza mjomba wangu akisifu ukoo wetu kwa maneno marefu, na Mzee Gathogo akamkatiza. Akasema hakuna haja ya kumweleza sana huyu kijana ni nani, kwa sababu alitoka kwenye josho nyuma ya ng'ombe wake, akapakwa rangi mbele ya kamati nzima, na mwenye mstari wa Kiprono anaruhusiwa kwenda nyumbani.

Koti bado ninalo. Mstari ule haukutoka kwa mafuta ya taa wala kwa sabuni yoyote, na Njoki hulitoa sandukuni kila tunapopata wageni. Tangu siku ile nimeapa kwamba nikiulizwa kitu nisichokijua nitasema sijui, hata mbele ya koti zuri na msichana mzuri, na kiapo hicho nimekishika. Kwa hiyo hata ninyi mkiniuliza leo, kati ya ile ya manjano na ile ya bati, ni ipi iliyokuwa inawaka zaidi, jibu langu ni lile lile: sijui.