Magoli Mawili Kabla ya Mgeni Rasmi

Wiki iliyopita nilirudi shule yangu ya msingi hapa Dodoma kufuata barua ya kuthibitisha kwamba nilisoma pale. Mwalimu mkuu, ambaye simfahamu, alinisogezea kitabu cha wageni akasema, "Chukua kalamu humo kwenye kombe." Nikanyoosha mkono, nikaurudisha. Lilikuwa kombe letu la mpira wa magongo, masikio yake mawili bado yapo, limejazwa kalamu na rula zilizovunjika.

Nikusimulie habari ya kombe hilo, maana mimi ndiye niliyeliandikia karatasi ya uongo.

Nilikuwa darasa la sita. Nyuma ya madarasa kulikuwa na kiwanja cha vumbi jekundu, na asubuhi ya mechi tulikimwagia maji kwa madumu, la sivyo upepo ungetujaza mchanga machoni. Magongo yalikuwa ya mzee mmoja wa Kihindi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, aliyeucheza mchezo huo ujanani na hakutaka ufe. Alitufundisha, na siku za mechi ndiye aliyekuwa mwamuzi. Mimi sikuwa na mbio ila nilikuwa na mwandiko, akanikabidhi karatasi ya mechi: dakika, jina la mfungaji, kadi, sahihi za manahodha. "Ukikosea piga mstari mmoja, andika pembeni. Usifute," alikuwa akisema. "Tuone ulivyokosea." Jumamosi zile nilijiona mkubwa kuliko mwalimu yeyote. Nilikuwa na meza yangu, saa ya kuazima, harufu ya karanga za kukaanga kutoka getini, na kishindo cha mpira ule mgumu ukigonga ubao wa goli.

Fainali walikuja wasichana wa Hombolo. Walishuka kwenye lori na ndoo ya zabibu, wakatugawia kabla hata hatujawapa maji. Nahodha wao, mrefu, aliyenyoa kipara, alitazama timu yetu ikipasha misuli, akacheka. "Nyie wa mjini, mbona mnashika gongo kama mnasonga ugali?"

Mechi ilipangwa saa nne. Saa tano mgeni rasmi hakuwa amefika, mzee akachoka kusubiri, akapuliza filimbi. Dakika ya saba yule nahodha akafunga. Dakika ya kumi na mbili akafunga tena, akapita mezani kwangu akihema. "Andika vizuri, mwandishi. Mbili hizo."

Nikaandika, kwa vidole vinavyonata zabibu zao.

Ndipo gari la mgeni rasmi likaingia. Mchezo ukasimama, timu zikapanga mistari, akawapa mkono mmoja mmoja. Kisha akauliza kwa upole, "Wamefungana ngapi?"

Mwalimu wa michezo akainama kidogo. "Bado hatujaanza, mheshimiwa. Tulikuwa tunakusubiri wewe."

Mpaka leo najiuliza nani alimtuma mwalimu aseme vile. Mgeni hakudai chochote. Angeambiwa ni mbili bila, angekaa, angekunywa soda yake na kupiga makofi. Lakini watu wazima wetu waliona aibu mchezo kuanza bila yeye, na hawakuona aibu kuwadhulumu watoto kumi na mmoja mchana kweupe. Ni mzee peke yake aliyekataa. "Mimi sichezeshi hii," alisema, akaiweka filimbi mezani kwangu na kuondoka. Mwalimu akaichukua, akaniwekea karatasi mpya.

"Anza upya, binti. Sifuri kwa sifuri. Hiyo nyingine ichane."

"Mwalimu, na yale magoli?"

"Magoli gani? Unataka kumuumbua mheshimiwa?"

Nikaichana. Tukashinda moja bila, dakika za mwisho. Nahodha wa Hombolo alipoletwa kusaini, alisoma karatasi kuanzia juu hadi chini akilitafuta jina lake, hakuliona. "Kwa hiyo kwenu mpira unaanza mheshimiwa akishakaa?" Hakusaini. Mwalimu alimsainia. Lori likaondoka, ndoo ya zabibu ikabaki kwetu, na tukazila zote.

Jumatatu mzee alikuja kuchukua magongo yake. Kiwanja sasa ni fremu za maduka na maegesho. Watu husema mchezo ulikufa kwa kukosa vifaa. Si kweli. Ulikufa siku ile, mbele ya meza yangu, na wote tulipiga makofi.

Mwalimu mkuu alikuwa bado ananisubiri. Nikatoa kalamu yangu mkobani. Nikajaza jina, ninakotoka, shida iliyonileta. Kwenye safu ya maoni, ambako kila mgeni aliyenitangulia ameandika "Vizuri", nikaandika: Hombolo 2, sisi 1. Nikaongeza dakika, ya saba na ya kumi na mbili. Nilipofika kwenye jina la mfungaji, kalamu ikasimama. Sikulikumbuka. Nililiandika mara mbili siku ile, kwa mwandiko wangu mzuri, kwenye karatasi niliyoichana.