Betri Zilizoanikwa Juani

Kila ninaposikia harufu ya bati lililopigwa na jua la mchana, nakumbuka betri za redio ya baba. Mwaka ule madukani Nyamuswa hakukuwa na sabuni wala sukari, sembuse betri. Baba alizianika juu ya paa kama dagaa, zikafufuka kidogo, zikatusikilizisha mchezo wa redio wa Jumapili alasiri, kisha zikakata roho mpaka wiki iliyofuata.

Mchezo wenyewe ulihusu binti aliyemkataa mume aliyetafutiwa na baba yake. Binti wa namna hiyo tulimjua. Katika hadithi za bibi alimezwa na ziwa. Katika maigizo ya shuleni alirudi nyumbani akilia, nasi watoto tukiimba kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Safari hii nilimwogopea mno, maana nyumbani tulikuwa naye. Dada yangu Nyangeta alikuwa amechaguliwa kwenda sekondari Musoma, na baba alikuwa amepokea posa kutoka kwa watu wa Butiama. Ng'ombe wa mahari wangeletwa baada ya mavuno ya pamba. Dada hakupiga kelele. Aliwanyima tu wageni wale salamu, na baba hakumpiga, jambo lililonitisha zaidi. Wakawa wanajibizana kupitia redio. Binti wa redioni akimjibu baba yake, baba alikohoa na kusema bila kumtazama mtu, "Sisi tulikuwaga hatujibu wazazi." Dada naye aliiambia redio, "Labda hamkuulizwaga."

Jumapili ya mwisho wa mchezo mvua ilinyesha tangu asubuhi. Baba aliziuma betri kwa meno, akazigonga, redio ikakoroma na kunyamaza. Mzee mzima hawezi kwenda kutega sikio kwenye redio ya jirani. "Nendeni kwa Mwalimu wenu wa shule," akatuambia. "Mkirudi mtanisimulia."

Kwa Mwalimu tulimsikia binti yule akirudi, akipiga magoti, akiomba radhi, na ngoma za harusi zikilia. Tulipofika nyumbani dada akamwambia baba, "Baba yake alimwambia, nenda ukasome, mwanangu. Ng'ombe wakarudishwa kwao."

Baba akanigeukia. "Ndivyo ilivyokuwa?"

Nikajibu, "Ndivyo, baba."

Kesho yake jua lilitoka, na Mwalimu akapita kunywa maziwa ya mgando. Nikiwa nyuma ya ghala nilimsikia akimsimulia baba mwisho wote: magoti, machozi, ngoma. Nikasubiri kuitwa, fimbo naiona kabisa. Baba alimsindikiza mgeni wake, akarudi, akazianika betri, kisha akamwomba mama shati lake la safari. "Naenda Butiama," akasema. "Wasiswage ng'ombe kuja huku."

Siku hizi betri zimejaa kila kibanda, na binti yangu hana haja nazo. Anatazama tamthilia kwenye simu, masikio ameyaziba, anakunja uso peke yake. Sijui binti wa humo ndani amekataa nini, na kutojua huko kunaninyima usingizi. Baba angalau alimsikia binti wa redioni aliyekuwa akimhofia. Juzi binti yangu alijifungia chumbani akilia. Nilibisha hodi, nikamwomba anisimulie ilivyoishia. Alinitazama sana, akachomoa waya wa sikio moja, akaanza. Sikumuuliza kama ndivyo ilivyokuwa.