Mkono wa Aloyo na Freti Mpya

Aloyo alikuwa mlinzi wa mchana kwenye geti la hoteli moja ya Nakasero, na Jumamosi, akishavua sare, alikuwa mpiga besi. Wageni waliomwona akiinua kizuizi cha geti na kukagua buti za magari hawakuwa na namna ya kujua kwamba vidole vile vile ndivyo vilivyochezesha watu kwenye harusi nyingi za Kampala. Mwenyewe hakujitangaza. Alipenda kusimama nyuma kidogo ya jukwaa, karibu na ngoma, mahali ambapo anawaona wote na wachache wanamwona yeye.

Muziki aliupata kwa baba yake, mzee Okidi, Mwacholi aliyestaafu kutoka bendi ya polisi. Huko kazini mzee alipuliza lile tarumbeta kubwa la besi linalomzunguka mpigaji kiunoni, lakini jioni kambini alikuwa na gitaa la besi la zamani, na nyuzi za gitaa lile zilikaa juu mno ya shingo. Kuzifikisha chini ilikuwa kazi kama ya kukamua blanketi. Aloyo alijifunzia hapo, akiwa binti wa vidole vidogo na machozi karibu. "Bonyeza," mzee alikuwa akimwambia. "Bonyeza mpaka gitaa ijue wewe ni nani." Akabonyeza. Alipoanza kazi akajinunulia gitaa lake, jekundu, la bei ambayo mlinzi anaweza kuimudu, lililotoka China ndani ya boksi. Nyuzi za gitaa hili zilikaa chini vizuri tu, ila mkono wake ulikuwa umeshazoea, naye akaendelea kubonyeza kwa nguvu zote.

Miaka ilipita hivyo, wala hapakuwa na neno. Kisha gitaa likaanza kukoroma.

Mwanzo lilikoroma kidogo tu, kwenye noti ya Do, kama nzi aliyenaswa ndani ya chupa. Baadaye likakoroma kwenye Re na kwenye Sol. Aloyo akabadilisha nyuzi, akabadilisha waya wa spika, akapunguza sauti, na bado likakoroma. Nakhisa, mwimbaji na kiongozi wa bendi, alivumilia hata akashindwa. Siku moja baada ya mazoezi alimvuta Aloyo pembeni, akamwambia kwa upole kwamba siku hizi mkono wake unakwaruza, labda umechoka na kazi ya kusimama getini. Harusi kubwa ilikuwa inakaribia, tena kwenye bustani ya hoteli ile ile anayoilinda Aloyo. Kama mambo hayatanyooka, Nakhisa alisema, itabidi waazime mpiga besi mwingine kwa siku hiyo.

Aloyo hakubishana. Ni kweli kifundo cha mkono kilikuwa kikimuuma, na wakati mwingine alikifunga kitambaa chini ya sare ili mkuu wa zamu asione. Alirudi nyumbani akiwa amenyong'onyea, akijiuliza kama ndivyo mpiga besi anavyozeeka, kabla hata mvi hazijaonekana.

Jibu alilipata mahali ambapo hakulitafuta. Huko Namuwongo, upande wa chini karibu na reli, kulikuwa na sonara mmoja, mwanamke wa Kinubi aitwaye Zulaikha, ambaye majirani walimwita Mama Husnah. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye meza iliyochomeka huku na huku, na juu ya meza tupa za kila namna, koleo ndogo ndogo, na taa yenye shingo ndefu. Aloyo alikuwa amempelekea kikuku cha marehemu mama yake kiunganishwe. Alikipitia akiwa njiani kwenda mazoezini, gitaa mgongoni, na kwa kuwa chumba kilikuwa kidogo, alilitoa kwenye mfuko na kulilaza mezani ili lisigonge kitu.

Zulaikha hakuwahi kuwa karibu na gitaa la namna ile. Alipitisha kidole kwenye zile pau nyembamba za chuma zilizopangwa shingoni kama ngazi, ambazo wapigaji huziita freti. Kidole kikasimama. Akavaa kioo chake cha kukuzia, akainama.

"Dada, hii chuma yako imelika," alisema. "Hapa iko shimo. Na hapa. Huku juu hakuna shimo, huku ni mpya kabisa."

Aloyo akaangalia kwenye kile kioo, akaona. Kwenye freti ya tatu, chini ya uzi wa pili kwa unene, kulikuwa na mfereji uliochongeka kama njia ya ng'ombe. Nyuzi za besi zimezungushiwa waya mgumu, na huo waya, ukikandamizwa na kusuguliwa kila siku, unafanya kazi ya tupa. Freti ikishalika, uzi unashuka, na ukitikisika unagonga freti inayofuata. Ule mgongano ndio mkoromo. Na mashimo yalikuwa mahali pamoja kwa sababu Nakhisa ana sauti inayokaa vizuri kwenye Do, na nyimbo karibu zote za bendi huanzia hapo na kurudi hapo. Harusi zote walizopiga zilikuwa zimeandikwa kwenye kile chuma.

Aloyo alikaa kwenye kigoda akacheka mpaka akashika tumbo. Zulaikha, asiyejua kinachochekesha, akacheka naye. Kumbe mkono ulikuwa mzima.

Waliafikiana wajaribu. Zulaikha alisema wazi kwamba gitaa halijui, ila chuma laini anakijua tangu akiwa mtoto wa kumfutia baba yake meza. Siku ya mapumziko ya Aloyo walifungua nyuzi, wakabandika karatasi ya gundi juu ya mti ili usikwaruzike, na Zulaikha akapitisha tupa bapa kutoka mwanzo wa shingo hadi mwisho, polepole, mpaka freti zote zikawa na kimo kimoja na mashimo yakapotea. Kisha akaziviringisha migongo moja moja kama anavyoviringisha pete, akazisugua kwa kitambaa. Ziling'aa hata Aloyo akaona haya kwa jinsi zilivyokuwa zimechakaa.

Walipofunga nyuzi, noti ya Do haikukoroma tena. Lakini sasa noti zote zilikohoa. Freti za gitaa lile zilitoka kiwandani zikiwa nyembamba na fupi, na baada ya tupa hapakubaki kitu. Vidole vya Aloyo vilikuwa vikisugua mti mtupu. Zulaikha akazipitishia kidole. Pete ikifika hapo, alisema, haitengenezwi, inayeyushwa na kuanzwa upya.

Aloyo akampigia simu mwanamuziki mmoja wa Nairobi ambaye waliwahi kupanda naye jukwaa moja. Yule akakubali kumtumia waya wa freti kwa basi, kisha akamuuliza anataka saizi gani. Aloyo hakujua kwamba freti zina saizi. Akawaza kidogo, akasema kubwa kabisa, maana kikubwa kinachelewa kulika. Waya ulipofika umeviringishwa kama nyoka ndani ya karatasi, ulikuwa mpana, na kimo chake karibu mara mbili ya ule wa zamani. Zulaikha aliupima kati ya vidole, akauliza kama ni wa gitaa au wa tembo. Bahati ni kwamba lile jino la chini, linaloingia kwenye ufa wa mti, lilikuwa la unene ule ule.

Kazi hiyo ndiyo iliyowatoa jasho. Zulaikha alizipasha freti za zamani kwa chuma cha kulehemu ili zilegee, halafu akazibana kwa koleo na kuzinyanyua taratibu. Nyingi zilitoka bila matata. Moja iligoma, na ilipotoka ikaondoka na kipande cha mti. Aloyo alifumba macho. Aliposikia kimya, akafikiri yote yamekwisha, gitaa na harusi pia. Zulaikha alikuwa anatafuta kile kipande mezani kwa kibano, akakipata, akakitia gundi na kukirudisha mahali pake, kisha akajaza mwanya kwa unga wa mti uleule.

"Fungua macho, dada," alisema. "Sasa nionyeshe pale ilipovunjika."

Aloyo alitafuta, asione.

Freti mpya ziligongwa kwa nyundo ndogo moja baada ya nyingine, ncha zikakatwa, zikapigwa tupa. Kwa kuwa zilikuwa zimenyanyuka, nyuzi zisizobonyezwa zikawa zinagusa freti ya kwanza, basi Zulaikha akakata kipande chembamba cha shaba na kukiweka chini ya kile kidaraja cha kichwani kinachoshika nyuzi. Hiyo shaba ilibaki kutoka kwenye hereni za mtu, na mpaka leo iko humo.

Aloyo alilibeba gitaa hadi nyumbani kama mtu anayebeba mtoto kutoka kliniki. Mzee Okidi alikuwa barazani akimenya mihogo. Akaacha kisu, akasikiliza. Mkoromo haukuwepo, kweli, lakini uso wa mzee ulijikunja. Kila noti ilikuwa juu kidogo ya mahali pake. Aloyo akawasha kwenye simu ile programu ya kupimia sauti. Uzi ukipigwa mtupu, mshale ulisimama katikati. Akibonyeza tu, mshale ulirukia kulia. Akajaribu freti nyingine, ikawa vile vile. Akahisi machozi. Alidhani wamezipachika vibaya, na harusi ilikuwa Jumamosi hiyo.

Mzee alifuta mikono, akaja karibu, akaangalia vidole vya binti yake, ambavyo vilikuwa vyeupe kwenye ncha kwa nguvu ya kubonyeza. Akamwambia apunguze. Aloyo akapunguza. Punguza tena, mzee akasema, mpaka gitaa ikatae kulia, halafu ongeza kidogo tu. Aloyo akafanya hivyo, akijiona kama mtu anayemgusa kifaranga. Noti ikatoka safi, na mshale ukasimama katikati, ukatulia.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Kwenye freti fupi, kidole kikishaufikisha uzi chini kinagonga mti na nguvu iliyobaki inapotea bure. Kwenye freti ndefu mti uko mbali, na nguvu yote ya ziada inauvuta uzi na kuipandisha noti.

"Lakini baba, ni wewe uliniambia nibonyeze," Aloyo alisema.

"Nilikuambia kwa gitaa ile," mzee akajibu. "Hii ni gitaa ingine."

Aloyo alimtazama, naye mzee akarudi kwenye mihogo yake akitabasamu.

Wiki ile Aloyo alijifunza upya kama mtoto. Getini, gari lisipokuwepo, alikuwa akizoeza vidole kwenye bomba la kizuizi, akiligusa tu bila kulikandamiza. Ojok, mlinzi mwenzake, alimuuliza kama anapiga simu kwa njia hiyo. Ilipofika katikati ya wiki, Aloyo aligundua kwamba amesahau kufunga kitambaa mkononi, na kwamba hakuna kilichouma.

Jumamosi mchana alifika getini kwake akiwa amevaa gauni la kijani, gitaa mgongoni. Ojok akapitisha kile chombo cha kupimia chuma juu ya mfuko, kikalia kwa sauti kubwa. Kwa uso mkavu kabisa akamwamuru mama huyo afungue mzigo wake, sheria ni sheria. Aloyo akafungua. Ojok akachungulia freti zilizong'aa, akasema silaha hiyo ni ya hatari ila leo inaruhusiwa, na wageni waliokuwa nyuma kwenye foleni wakacheka.

Bibi harusi alikuwa Mnubi, bwana harusi askari polisi kutoka kaskazini, na bustani ilijaa pande zote mbili: shangazi wa Kinubi waliojifunga vitambaa vya rangi viitwavyo gurbaba, na wazee waliostaafu jeshi na polisi wakiwa na medali kifuani. Zulaikha naye alikuwepo, maana Wanubi wa Kampala ukichimba kidogo wote ni ndugu. Alikaa meza ya mbele, hakumtazama mwimbaji wala bibi harusi. Alitazama shingo ya gitaa jekundu.

Wimbo wa kwanza ulianza kwenye Do. Besi ikatoka nene na safi, kila noti imekaa peke yake, na Nakhisa, aliyekuwa amejiandaa kwa mkoromo, akageuka nusu kisha akageuka tena mbele na kuimba kwa sauti ambayo bendi haikuwa imeisikia kwa miezi. Katika wimbo wa tatu Aloyo alifanya kitu ambacho hakuwahi kukithubutu. Kwa kuwa sasa kidole chake kilikuwa chepesi, alikiacha kiteleze kutoka chini hadi juu bila kuinuka, noti ikapanda kama mtu anayepanda kilima akicheka. Hakukipanga. Kilimtoka tu. Shangazi mmoja akainuka kutoka kitini na kupiga vigelegele. Nakhisa akarudia kiitikio ili asikie tena, Aloyo akateleza tena, na safari hii meza tatu zikainuka. Mzee mmoja mwenye medali akaweka bakora yake juu ya kiti na kuingia uwanjani bila hiyo bakora. Walikirudia kiitikio kile mpaka mpiga ngoma akaanza kuomba maji kwa ishara ya kichwa.

Walipopumzika, Nakhisa alikuja na soda mbili, akampa Aloyo moja, akasema neno lililohusu mpiga besi wa kuazima na jinsi alivyokuwa mjinga kulifikiria. Aloyo akamwambia anywe soda.

Zulaikha alisubiri watu wapungue, ndipo akamsogelea. Aliomba alishike gitaa, naye Aloyo akamvisha mkanda begani, juu ya gurbaba. Zulaikha akaweka kidole kwenye freti ya tatu, akapiga. Noti ikatoka kwenye spika, ikatetemesha glasi mezani. Alitulia akiisikiliza mpaka ilipokwisha kabisa.

"Nifundishe," alisema.

Siku hizi, Aloyo akiwa mapumziko, mtu anayepeleka pete yake kule Namuwongo inabidi asubiri kidogo mlangoni. Ndani kuna wanawake wawili na gitaa moja jekundu. Zulaikha ameshajua nyimbo mbili nzima na nusu ya wa tatu, na anapiga kwa mkono mwepesi tangu siku ya kwanza.